Idadi ya Wafu ni Kauli: Namna Watu Walivyozisikia Hesabu za Ebola na Korona

Kila ugonjwa mkubwa unapoingia nchini, serikali hutoa namba: wangapi wameugua, wangapi wamepona, wangapi wamekufa. Namba hizo husomwa redioni, hupita katika simu, hujadiliwa sokoni na kwenye kilio. Waganga huzitazama kama hesabu. Sisi tunaosoma lugha tunaweza kuzitazama kwa jicho lingine, kwa sababu idadi ya wafu ni kauli. Ina msemaji, ina msikilizaji, ina mahali na wakati wa kutamkwa. Na kama kauli yoyote, inaweza kuaminiwa, kushukiwa, kuchekwa au kukataliwa.

Makala hii inalinganisha hali tatu. Ya kwanza ni Ebola ya Kivu Kaskazini na Ituri, 2018 hadi 2020, ambapo watu wengi waliona wafu wanaotangazwa kuwa wengi mno. Ya pili ni Korona katika nchi yetu tangu Machi 2020, ambapo waliwaona kuwa wachache mno. Ya tatu ni Korona nchini Tanzania, ambapo kwa zaidi ya mwaka mmoja namba hazikutolewa kabisa. Hali hizi zinaonekana kupingana, lakini zinafundisha jambo moja: msikilizaji huipima idadi ya wafu kwa kumpima aliyeitamka, na kwa kuilinganisha na wafu aliowaona mwenyewe.

Namna namba inavyotengenezwa

Ebola ilitangazwa rasmi katika Kivu Kaskazini tarehe 1 Agosti 2018, nayo ikatangazwa kuisha tarehe 25 Juni 2020. Hesabu ya mwisho ilikuwa wagonjwa 3,470 na wafu 2,287, yaani karibu theluthi mbili ya walioambukizwa walikufa. Ndiyo Ebola kubwa kuliko zote zilizowahi kutokea nchini, na ya pili duniani baada ya ile ya Afrika Magharibi.

Lakini 3,470 si fungu moja. Ndani yake wamo 3,317 waliothibitishwa, yaani maabara ilipata virusi katika damu au mate yao. Wamo pia 153 ambao Kifaransa cha waganga huwaita « probables »: watu waliokufa na kuzikwa kabla ya kupimwa, lakini waliohesabiwa kwa sababu walikuwa wamekaa na mgonjwa anayejulikana. Nje ya hesabu hiyo kulikuwa na maelfu ya « suspects », watu wenye homa au kutapika waliosubiri majibu, na wengi wao hawakuwa na Ebola.

Msikilizaji wa redio hakupewa maelezo haya kila siku. Alisikia jumla. Namba ya jana ilipobadilika leo kwa sababu mtu mmoja alitoka fungu moja na kuingia lingine, mganga aliona kazi ya kawaida. Mkaaji wa Butembo aliona kwamba wanaohesabu hawajui wanachohesabu, au wanajua na wanaficha.

Beni na Butembo: namba iliyoonekana kubwa mno

Ni rahisi kusema kwamba wakaaji wa Beni na Butembo walikataa Ebola kwa ujinga. Maelezo hayo hayatoshi. Septemba 2018, watafiti waliwahoji watu wazima 961 katika miji hiyo miwili, na matokeo yakachapishwa mwaka 2019 katika jarida la The Lancet Infectious Diseases. Takriban robo ya waliohojiwa hawakuamini kwamba Ebola ilikuwapo kweli. Ni kama theluthi moja tu waliosema kwamba viongozi wa mahali pao wanashughulikia masilahi yao. Tena wale wasio na imani na viongozi ndio hasa waliokuwa wagumu kukubali chanjo au kwenda kutibiwa. Shaka juu ya ugonjwa ilitembea pamoja na shaka juu ya serikali.

Shaka hiyo ilikuwa na sababu zinazoweza kutajwa.

Sababu ya kwanza ni swali la wafu gani wanaohesabiwa. Tangu Oktoba 2014, raia wa eneo la Beni wameuawa kwa mapanga na risasi katika mashambulizi ambayo serikali na Umoja wa Mataifa huyahusisha zaidi na kundi la ADF. Waliokufa hivyo walikuwa wamepita elfu moja, na hakuna aliyewatangaza kila jioni. Ghafla ukaja ugonjwa wenye magari, mahema, mishahara na takwimu za kila siku. Swali la mkaaji lilikuwa na mantiki yake: kwa nini leo wanajua kutuhesabu? Mfano mwingine ni surua. Katika mwaka 2019 peke yake na mwanzo wa 2020, surua iliua zaidi ya watu 6,000 nchini, wengi wao watoto wa chini ya miaka mitano. Hao ni zaidi ya mara mbili ya wafu wa Ebola. Ugonjwa huo haukupata hata sehemu ndogo ya fedha wala ya nafasi katika habari.

Sababu ya pili ni uchaguzi. Tarehe 26 Desemba 2018, siku nne kabla ya kura, Tume ya Uchaguzi (CENI) ilitangaza kwamba Beni na Butembo zitapiga kura Machi 2019, kwa sababu ya Ebola na usalama. Rais mpya aliapishwa tarehe 24 Januari 2019, kwa hiyo kura ya watu zaidi ya milioni moja haikuweza kubadili chochote katika uchaguzi wa rais. Siku moja baada ya tangazo, waandamanaji walishambulia kituo cha kupokelea wagonjwa huko Beni. Tarehe 30 Desemba wakaaji wa Beni walipanga kura yao wenyewe ya mfano: walipiga foleni, wakanawa mikono, wakapiga kura. Tendo hilo lilikuwa na hoja ndani yake. Lilisema kwamba wanaijua Ebola na wanajua namna ya kujikinga, lakini hawakubali Ebola iwe sababu ya kuwanyamazisha. Kuanzia hapo, kila namba ya Ebola ilisikika pia kama kauli ya kisiasa.

Sababu ya tatu ni pesa. Msemo « Ebola business » ulienea, kwa Kifaransa na kwa Kiswahili vilevile. Watu waliona magari ya kukodi, posho za siku na nyumba za kupanga. Mantiki ya mtaani ikawa kwamba wafu wakiongezeka, pesa zinaongezeka. Waziri wa Afya, Oly Ilunga, alijiuzulu Julai 2019, na Machi 2020 mahakama ilimhukumu miaka 5 ya kazi ya kulazimishwa kwa matumizi mabaya ya fedha za Ebola, ingawa yeye alikana. Hukumu hiyo haikuthibitisha kwamba wafu walitungwa. Kwa waliokuwa na shaka, ilitosha kuwaambia kwamba hawakuwa wakiota.

Maneno yaliyobeba bunduki

Sababu ya nne inatuhusu sisi wanafunzi wa lugha moja kwa moja. Kazi yote ya kupambana na Ebola iliitwa « la riposte », na neno hilo liliingia katika Kiswahili cha Kivu bila kutafsiriwa. Katika Kifaransa, « riposte » ni pigo la kujibu pigo, neno la wapiganaji wa upanga. Timu za « riposte » zilipofika mtaani zikilindwa na askari, neno na picha vilikubaliana: hawa wamekuja kupigana.

Tazama pia « cas suspect ». Katika Kiswahili cha habari ilikuwa mshukiwa wa Ebola. Lakini mshukiwa katika Kiswahili ni mtu wa polisi, mtu anayedhaniwa kuiba au kuua. Mama mwenye homa anageuka mtuhumiwa. Kisha akapewa watu wa kumfuatilia, na waliomgusa wakaandikwa majina. Kila hatua ilikuwa na sababu ya kitabibu iliyo sahihi, lakini msamiati wake ulikuwa wa kituo cha polisi. Kwa watu waliozoea kukimbia mwenye bunduki na mwenye orodha, kukimbia kulikuwa jibu linaloeleweka.

Na « nouveaux décès » ikawa vifo vipya. Tuna nguo mpya na habari mpya. Kifo kipya kinasikika kama bidhaa iliyofika leo. Kuna pia suala la ngeli. Tukisema watu watatu wamekufa, au kwa Kiswahili cha miji yetu batu batatu bamekufa, tumebaki na watu. Tukisema vifo vitatu vimeripotiwa, watu wamehamia ngeli ya vitu, na kitenzi kimefanywa kuwa cha kutendwa bila mtendaji. Nani ameripoti? Nani aliwaona? Sentensi haisemi, na msikilizaji mwenye shaka anaijaza mwenyewe.

Mwaka 2019 shirika la Traducteurs sans frontières lilichunguza lugha iliyotumiwa kuelezea Ebola katika Kivu Kaskazini. Liliona kwamba Kifaransa na Kiswahili sanifu cha mabango havikueleweka na wote, na kwamba watu walitaka maelezo marefu na ya kina, katika Kiswahili chao au katika Kinande. Jambo hilo linapingana na mazoea ya waandaaji wa mabango, wanaodhani kwamba mtu wa kawaida anataka amri fupi. Anayeambiwa asimguse maiti wa mama yake anahitaji kujua ni kwa nini.

Ni lazima tuseme pia upande wa pili. Ebola ilikuwapo, na shaka iliua. Februari 2019 vituo vya matibabu vya Katwa na Butembo vilishambuliwa. Tarehe 19 Aprili 2019 Richard Mouzoko, mganga kutoka Kameruni aliyetumwa na Shirika la Afya Duniani (OMS), aliuawa kwa risasi akiwa kazini Butembo. Wagonjwa waliofichwa nyumbani waliambukiza waliowauguza. Kueleza sababu za shaka hakuifanyi shaka iwe sahihi.

Kilichopunguza shaka zaidi ya hotuba ni kuona. Huko Beni vilitumiwa vyumba vya matibabu vyenye kuta za plastiki angavu, vilivyoitwa CUBE. Ndugu aliweza kumtazama mgonjwa wake na kuzungumza naye bila kuvaa mavazi ya kujikinga. Watu waliopona walirudi katika vituo kuwatunza watoto wa wagonjwa. Zaidi ya watu 300,000 walichanjwa, na bila shaka miongoni mwao wamo waliokuwa wamesema mwanzoni kwamba hakuna Ebola.

Korona: namba iliyoonekana ndogo mno

Ebola ilikuwa bado haijaisha Kivu wakati Korona ilipotangazwa Kinshasa, tarehe 10 Machi 2020. Kauli ya kwanza ilikosewa. Serikali ilisema mgonjwa ni Mbelgiji. Baadaye ikasahihisha kwamba ni Mkongomani anayeishi Ufaransa. Kosa dogo, na kusahihisha ni jambo jema. Lakini kauli ya kwanza ndiyo inayoweka kiwango cha imani kwa zote zinazofuata.

Tarehe 24 Machi Rais Félix Tshisekedi alitangaza hali ya dharura. Siku hiyohiyo habari ya kifo cha mwanamuziki Manu Dibango, aliyefariki Ufaransa kwa Korona, ilikuwa midomoni mwa watu. Wafu waliotajwa kwa majina walikuwa watu wanaopanda ndege. Hivyo likazaliwa wazo kwamba Korona ni ugonjwa wa wakubwa na wa Ulaya. Wazo hilo halikutoka hewani: wagonjwa wa kwanza kweli waliingia kwa ndege, na komini ya kwanza kufungwa, tarehe 6 Aprili, ilikuwa Gombe, makao ya wizara na balozi. Anayeuza mkate au mboga, anayekula jioni alichokipata mchana, aliona ugonjwa uko upande mmoja wa mji na njaa iko upande wake.

Mwanzoni mwa Aprili 2020 likaja jambo la chanjo. Kwanza mganga mmoja na mtafiti mmoja wa Ufaransa walizungumza katika televisheni ya huko juu ya kufanya majaribio Afrika, na hasira ikawaka bara zima. Siku chache baadaye Profesa Jean-Jacques Muyembe, mmoja wa waliovumbua Ebola mwaka 1976 na kiongozi wa mapambano yote mawili, alisema kwamba Kongo iko tayari kushiriki katika majaribio. Ilimbidi aeleze upya kwamba hakuna chanjo ingeanza Kongo kabla ya kujaribiwa Marekani na kwingineko. Mwanasayansi alitamka sentensi kwa wanasayansi wenzake, ikasikika na watu waliokuwa wametoka kutukanwa. Kauli haisafiri peke yake. Husafiri na kauli zilizoitangulia.

Miezi ikapita, na maiti waliokuwa wakingojewa hawakuonekana mitaani. Hadi leo hesabu rasmi ya Korona kwa nchi nzima haifiki wafu 1,500. Mbele ya namba hiyo watu waligawanyika. Wengine walisema ni ndogo kwa sababu hakuna ugonjwa. Wengine walisema ni ndogo kwa sababu hakuna vipimo nje ya Kinshasa na miji michache. Wengine walisema hata hizo chache zimetiwa chumvi ili misaada ije. Namba moja ikasomwa kwa njia tatu, kwa sababu haikuambatana na maelezo ya ni nani aliyepimwa na ni nani ambaye hakupimwa.

Athari yake ilionekana kwenye chanjo. Tarehe 2 Machi 2021 nchi ilipokea dozi milioni 1.7 za AstraZeneca. Serikali iliahirisha kuanza kwa sababu ya mashaka yaliyokuwa Ulaya, na chanjo ikaanza tarehe 19 Aprili. Waliokuja walikuwa wachache, hata dozi kama milioni 1.3 zikarudishwa ili nchi nyingine za Afrika zizitumie kabla ya kuharibika. Mtu aliyeona serikali ikisita, na asiyeona wafu mtaani, hakuwa na sababu ya kuharakisha.

Tanzania: namba isiyotamkwa

Majirani zetu wa ng'ambo ya Tanganyika, ambao tunashirikiana nao lugha, wanatupa mfano wa tatu. Tanzania ilikuwa na mgonjwa wa kwanza tarehe 16 Machi 2020. Mwanzoni mwa Mei, Rais John Magufuli alitilia shaka maabara ya taifa hadharani, akisema sampuli za papai na mbuzi zilizopelekwa kwa siri zilionyesha kuwa na Korona. Baada ya hapo takwimu zilisimama kwenye wagonjwa 509 na wafu 21. Zilikaa hapo hadi Rais Samia Suluhu Hassan aliposhika madaraka Machi 2021 na kuunda kamati ya wataalamu; katikati ya mwaka huo zikaanza kutolewa tena.

Je, namba ikinyamaza, watu huacha kuhesabu? Lugha inaonyesha kwamba hawaachi. Katika miezi ya mwanzo ya 2021 matangazo ya vifo yalijaa maneno nimonia na changamoto ya upumuaji. Kila msomaji alijua kusoma kilichoachwa. Methali ya Kiswahili inasema mficha maradhi kilio humuumbua, na ndivyo ilivyokuwa: palipokosekana takwimu, kilio kikawa takwimu. Watu walihesabu misiba waliyohudhuria na kukisia iliyobaki. Namba inayozaliwa hivyo inaweza kuwa kubwa kuliko ukweli au ndogo kuliko ukweli, na hakuna wa kuisahihisha.

Hata wenye maabara nyingi

Isidhaniwe kwamba haya ni ya kwetu tu. Agosti 2020 Uingereza ilibadili namna ya kuhesabu. Awali kila aliyewahi kupatikana na Korona na kisha akafa alihesabiwa, hata kama alikufa kwa jambo lingine miezi baadaye. Ilipowekwa mipaka ya siku 28, zaidi ya wafu 5,000 walitoka katika hesabu kwa siku moja. Hakuna aliyefufuka, tafsiri ya neno ndiyo iliyobadilika. Mei 2022 nayo OMS ilikadiria kwamba katika miaka 2020 na 2021 watu kama milioni 14.9 zaidi ya kawaida walikufa duniani kwa sababu ya Korona, moja kwa moja au kwa kukosa matibabu mengine, wakati nchi zilikuwa zimeripoti milioni 5.4 tu. Tofauti hiyo ni watu waliokufa bila kupimwa, bila hati, au bila aliyewauliza.

Kazi iliyo mbele yetu

Tangu Septemba 2023 aina mpya ya mpox ilienea kutoka Kamituga, katika Kivu Kusini, na Agosti 2024 OMS ilitangaza dharura ya kimataifa. Maneno yaleyale yalirudi: washukiwa, waliothibitishwa, vifo vipya. Wengi wa wagonjwa hawakupimwa, kwa hiyo namba kubwa na namba ndogo zilitangazwa sambamba, mara nyingi bila kuelezwa. Wanaozitangaza, wanaozitafsiri na wanaozisoma redioni ni watu waliotoka katika vitivo kama chetu.

Tuchukue mfano wa kutunga. Tangazo linasema: « Visa vipya 5 vya washukiwa na vifo vipya 3 vimeripotiwa. » Linaweza kusemwa hivi: « Jana watu watatu wamekufa katika mtaa huu. Wawili walipimwa, na maabara imepata ugonjwa. Wa tatu alizikwa kabla ya kupimwa. Tunamhesabu kwa sababu alimuuguza dada yake. Wagonjwa watano wengine wanangoja majibu ya damu, na huenda baadhi yao hawana ugonjwa huu. Waliohesabu ni wauguzi wa kituo chenu cha afya. » Ni refu zaidi, linachukua sekunde ishirini zaidi za redio. Lakini ndani yake kuna mtendaji, kuna watu katika ngeli ya watu, kuna mpaka kati ya kinachojulikana na kisichojulikana, na hakuna mtuhumiwa.

Sentensi nzuri haiwezi kurudisha kura iliyozuiwa wala kumlinda mkulima wa Beni dhidi ya panga. Serikali inayotaka namba yake iaminiwe lazima iwahesabu watu siku za kawaida pia, wanapokufa kwa surua na kwa risasi. Hiyo si kazi ya wanaisimu peke yao. Kazi yetu ni ndogo zaidi na iko mikononi mwetu: tangazo la ugonjwa ujao litakapofika mezani ili litafsiriwe, tuulize kwanza ni nani aliyehesabu, kisha tuandike jibu lake ndani ya sentensi.